Barua kwa Shangazi: Tangu niache dini, kila jambo limekuwa "huenda"

Toleo lililopita niligusia, kwa mistari mitatu tu, kwamba niliacha dini nikiwa na miaka 29 na kwamba nimezeeka salama. Sikujua nimechokoza mzinga. Barua zimekuja fungu zima: za kunikemea, za kuniombea, na moja ya bwana aliyetaka kujua kama nimewahi kupimwa na daktari. Nimechagua nne. Ya kwanza ilikuwa ndefu, nimeipunguza, ila sehemu ya kamusi sikuigusa.

*

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 34. Baba yangu alikuwa kiongozi wa ibada, na mimi mwenyewe nilifundisha watoto masomo ya dini kwa miaka sita. Imani haikunitoka kwa ugomvi. Hakuna aliyenikosea. Ilichuja polepole kama nguo inayofuliwa kila siku, hadi siku moja nikiwa katikati ya sala nikagundua kwamba naongea na ukuta. Huu ni mwaka wa pili.

Nilidhani nitapumua, kumbe wapi. Zamani nikiwa na jambo zito nilikuwa nafumba macho, nafungua kitabu kitakatifu popote pale, naweka kidole, nasoma mstari uliokutwa na kidole. Chuo nilichagua hivyo. Mchumba mmoja nilimkataa hivyo. Sasa nimepewa kazi ya mbali, mshahara ni mzuri ila mkataba ni wa mwaka mmoja, na jibu linatakiwa kabla ya mwezi kwisha. Nimeuliza watu kumi na moja. Nimeandika faida na hasara, kurasa nne. Juzi usiku wa manane nikajikuta nimefumba macho, nimefungua kamusi, nimeweka kidole. Neno lilikuwa "kokoto". Nilikaa nusu saa natafuta maana ya kokoto katika maisha yangu, kisha nikalia.

Usiku ndio mbaya zaidi. Nikizima taa moyo unaanza kwenda mbio: je, kama wao ndio waliokuwa sahihi? Moto siuamini, lakini nauogopa. Najiona kama nimechanganyikiwa.

Na kuna lingine. Mtoto mmoja darasani, miaka saba hivi, aliniuliza kama bibi yake, ambaye hakuwa anasali, ataungua. Nilimjibu ndiyo. Nilimjibu kwa upole, lakini nilimjibu ndiyo. Wakati ule nilikuwa na yakini nalo kuliko jina langu. Leo sina yakini na lolote, na uso wa yule mtoto hauniachi.

Naishije bila kujua, Shangazi?

Wako, Kokoto

*

Marahaba, mwanangu. Jina umejipachika mwenyewe, basi litabaki hapa.

Ile sehemu ya kamusi nimeisoma mara tatu. Nilicheka, kisha nikaacha kucheka, maana mimi nilifanya hivyohivyo kwa namba za magari. Likipita gari ambalo namba yake ni shufwa, naenda. Ikiwa witiri, sibanduki. Nilikuwa na miaka 30, nimeacha dini kwa makeke, namtangazia kila mtu kwamba sasa naongozwa na akili yangu, na huku nimesimama kando ya barabara nasubiri gari linipe ruhusa ya kwenda kumwona mwanamume niliyempenda. Ruhusa ilipotoka nikaenda. Hakuwepo.

Kidole chako, Kokoto, hakikuwahi kukupa ujuzi. Siku uliyochagua chuo hukujua chochote zaidi ya unachokijua leo kuhusu kazi hii. Kidole kilikupa vitu viwili vingine. Kilikupa kikomo: basi, maswali yamekwisha, kalale. Na kilikubebea lawama: mambo yakinyooka ni baraka, yakipinda ni mtihani, na kwa vyovyote wewe hukukosea. Vyote viwili vimekutoka kwa mpigo mmoja, nawe umevipa jina la "kutokujua". Kutokujua ulikuwa nako tangu zamani. Kilichozidi sasa ni kwamba kosa likitokea litakuwa na jina lako.

Ndiyo maana umefika watu kumi na moja. Ungekuwa unatafuta kujua, ungeuliza wawili: mmoja anayefanya kazi pale, mwingine aliyeacha kazi pale. Hao wengine tisa uliwatafuta wakusaidie kubeba lawama ambayo haijatokea.

Swali la "je, hii ndiyo njia yangu?" liweke kando, halina wa kulijibu. Uliza hili: ikiharibika, naweza kurudi? Mkataba wa mwaka mmoja una mlango wa kutokea, na tarehe imeandikwa juu ya mlango. Una akiba ya miezi mingapi? Nani anakutegemea, naye anasemaje? Wakivunja mkataba katikati, karatasi inasema wanakulipa nini? Haya yana majibu, na yanapatikana kabla ya mwezi kwisha. Ukishayapata, chagua siku, tena mchana, andika kukubali au kukataa, tuma, na usiisome tena uliyotuma. Tumbo litakuuma siku mbili tatu. Maumivu hayo ya tumbo si ishara ya jambo lolote. Nakuambia mapema kwa sababu najua utataka kuyatafsiri.

Huko Quebec, Kanada, tangu miaka ya 1990 kuna wanasaikolojia ambao kazi yao ni watu wasiostahimili "huenda". Dawa yao inachosha kwa udogo wake. Wanakutaka utume ujumbe bila kuurudia kuusoma, uchague shati bila kuuliza mtu, umwachie mwenzako kazi moja na usiende kuikagua. Kila mara unaandika ulichokihofia, kisha unaandika kilichotokea. Mimi nilikuwa na daftari la namna hiyo kabla sijawasikia watu hao, nalo ninalo hadi leo. Ukurasa mmoja nimeandika: "Nimesahau kumjibu bosi. Nitafukuzwa." Mbele yake, kwa kalamu nyingine: "Hakuupata ujumbe wenyewe."

Na usijione umeharibika. Mwaka 2016 watafiti wa University College London walichapisha jaribio walilowafanyia watu 45. Mtu anacheza mchezo kwenye kompyuta, anaonyeshwa jiwe, anakisia kama chini yake yupo nyoka. Nyoka akiwepo, mchezaji anapigwa shoti ya umeme mkononi, na inauma kwelikweli. Wakawapima jasho na upana wa mboni za macho. Hofu ilipanda hadi juu kabisa pale ambapo uwezekano wa shoti ulikuwa nusu kwa nusu. Aliyejua kwa hakika kwamba anapigwa alitulia kuliko yule ambaye huenda akapigwa, huenda asipigwe. Wewe umesimama mbele ya jiwe hilo mwaka wa pili sasa. Ajabu ingekuwa kama ungelala vizuri.

Ndiyo sababu pia wengi tukitoka kwenye yakini moja tunaikimbilia nyingine yoyote iliyo karibu. Mimi nilihama nyumba nikahama na kunguni. Miaka miwili ya kwanza nilijiunga na kundi la watu waliokuwa na jibu la kila kitu, la uchumi, la ndoa, la kulea watoto, na kwao asiyekubali alikuwa ama mjinga ama amenunuliwa. Nilijisikia nyumbani mno. Rafiki yangu mmoja akaniambia, "Umebadilisha wimbo tu, kwaya ni ileile." Nilimnunia miezi minne. Siku niliyokwenda kumwomba radhi alikuwa anaanika nguo, akanipa vibanio nimshikie, tukaendelea kama vile nilitoka jana.

Sasa usiku. Mtu aliyekatwa mguu anaweza kuhisi kidole cha mguu uleule kinamwasha. Mguu haupo, na yeye anajua haupo, lakini muwasho upo na ni wa kweli. Hakuna daktari atakayemwambia kwamba kuwashwa huko ni ushahidi kuwa mguu umerudi. Moto ulifundishwa kuuogopa kabla hujajua kusoma. Uliingia mwilini kwanza, akilini baadaye, kwa hiyo akilini unaweza kutoka leo na mwilini ukachelewa. Wangu ulichukua kama miaka mitatu kuwa mgeni wa mara mojamoja, na hadi leo nikiwa na homa hupita kunisalimia. Nilijiwekea sheria: taa ikishazimwa sibishani na mbingu. Hofu ikija nakaa kitako, naweka miguu chini sakafuni, nasema kwa sauti "haya, umekuja", nasubiri. Saa nane za usiku hakuna mjadala uliowahi kumalizika, uwe na dini au usiwe nayo.

Wanafalsafa wa Ugiriki ya kale walioitwa wenye shaka walikuwa na hadithi yao hapa, iliyoandikwa na mmoja wao, Sextus Empiricus. Mchoraji Apelles alikuwa anamchora farasi, akashindwa kabisa kulipata povu la mdomoni. Kwa hasira akaitupa kwenye picha sponji aliyokuwa anapangusia brashi, na pale ilipogonga pakatokea povu lenyewe. Wao wanasema utulivu uliwajia hivyo: waliutafuta kwa kumaliza kila swali, wakashindwa, wakaacha, ukaja. Niliposoma mara ya kwanza nilisonya. Nikaona ni maneno ya watu wasio na kodi ya nyumba. Lakini kweli mimi sikuwahi kulijibu swali la moto. Siku moja tu nilikuwa natafuta soksi ya pili, nikakumbuka kwamba sijaliuliza wiki nzima.

Neno la Kiingereza la kumwita mtu anayesema "kuhusu Mungu, sijui", yaani "agnostic", lilitungwa mwaka 1869 na Thomas Huxley, mwanasayansi Mwingereza. Watu hudhani ni neno la mtu aliyekuwa anajipumzisha kitini. Miaka tisa kabla, Septemba 1860, mwanawe wa kwanza, Noel, alikufa kwa homa ya vipele vyekundu akiwa hajatimiza miaka minne. Rafiki yake, kasisi Charles Kingsley, akamwandikia kumfariji kwa habari za uzima wa milele. Huxley alimjibu kwa barua ndefu: anamshukuru, lakini hawezi kukiamini kitu kwa sababu tu anakitamani, na hasa siku anayokitamani kuliko zote. Yule alisema "sijui" na kaburi la mwanawe bado bichi. Urafiki wao haukufa. Ninapenda kumkumbuka, maana mimi "sijui" yangu nilianza kuisema nikiwa mzima wa afya na sina msiba.

La mtoto nimeliacha nyuma kwa makusudi. Nadhani ndilo linalokukosesha usingizi, haya mengine yamejipanga mbele yake kulificha. Hilo, Kokoto, usilitie kwenye kapu la shaka. Hilo ni deni. Kama moto upo au haupo hujui, lakini unajua vizuri kabisa kwamba ulimweleza mtoto wa miaka saba jambo ambalo hukulijua, kwa sauti ya mtu anayejua. Shaka tunaivumilia. Deni, mwanangu, tunakwenda kulilipa.

Siku hizi atakuwa kijana. Mtafute kupitia wazazi wake, na muongee wakiwepo, usifanye la siri. Usimpelekee kutoamini kwako, hajakuomba, na wazazi wake wana haki ya kukutazama kwa jicho la pembeni. Sema tu: "Uliniuliza kuhusu bibi yako, nikakujibu kama mtu anayejua. Sikuwa najua. Nisamehe." Hayo hata mwenye imani kali anaweza kuyasema, kwa kuwa hata dini yenyewe hukumu humwachia Mungu, haimpi mwalimu wa watoto. Huenda kijana amesahau. Huenda amelibeba miaka yote hii na kila akimwona bibi akila anamwonea huruma. Huenda bibi ameshafariki, na hapo itakuwa nzito. Nenda hivyohivyo.

Jambo moja la haraka: ukikosa usingizi wiki kadhaa mfululizo, au ukianza kuona ni heri usingekuwepo, usisubiri toleo lijalo. Nenda kwa daktari siku hiyohiyo, na umwambie mtu wa nyumbani akusindikize.

*

Shangazi, shikamoo. Mimi ni wa upande wa pili. Mume wangu ameniambia haamini tena. Tuna miaka 12 kwenye ndoa. Si mlevi, hajabadilika tabia, watoto anawapenda. Lakini hata "Mungu akipenda" hasemi, anasema "mambo yakienda sawa", na kila akisema hivyo nasikia kama ananipiga kibao. Ninaogopa kwamba huko mbele tutatenganishwa. Namwombea kimya kimya akiwa amelala. Nakosea?

Mke wa Mwenye Shaka

*

Marahaba, mke mwenzangu wa mashaka. Hukosei. Ila siku moja mwambie kwamba unamwombea, maana kuna tofauti kubwa kati ya kuombewa na kufanyiwa jambo ukiwa umelala. Dada yangu hunitumia dua kila alfajiri, mwaka wa ishirini na kitu sasa. Zamani nilikuwa namjibu kwa hoja. Siku hizi namjibu "Ahsante dada", na ninamaanisha: kuna mtu hapa duniani anayeanza siku kwa kulitaja jina langu.

Hofu yako ya kutenganishwa aliwahi kuwa nayo mwanamke mwingine. Charles Darwin, mwanasayansi Mwingereza, alimwoa Emma Januari 1839. Baba yake Darwin alikuwa amemshauri mashaka yake ya dini ayafiche, asimwambie mke. Yeye akasema. Muda mfupi baada ya harusi Emma akamwandikia barua, ingawa waliishi nyumba moja, akamwambia kwa upole kwamba angehuzunika sana kufikiri kuwa wao si wa kila mmoja milele. Mumewe hakubadilika, akazidi kwenda upande wake. Lakini barua aliitunza, na juu yake akaandika kwamba nitakapokufa, ujue mara nyingi nimeibusu na kuililia. Walikaa pamoja hadi Darwin alipofariki mwaka 1882, wakiwa wamezaa watoto kumi na kuwazika watatu wadogo. Emma hakuacha kuamini. Hakuna aliyemshinda mwenzake.

Nakuambia hivyo ili uone kwamba hofu hiyo inaweza kuandikwa kwenye karatasi na kupewa mwenyewe. Mwandikie. Maneno ya mdomoni yatakuwa ubishi kabla hujafika katikati, karatasi inasomwa hadi mwisho.

Kuhusu "Mungu akipenda", mwambie mumeo Shangazi anasema apunguze ukali. Ulimi wangu ni mzee kuliko mashaka yangu. Nikijikwaa namwita Mungu, nikisikia habari njema namshukuru, na nikiagana na mtu namwacha mikononi mwake. Mwanzoni nilikuwa najikosoa katikati ya sentensi, nikawa naongea kama tangazo la redio. Sasa nimeacha. Kiswahili ukikitoa maneno ya Mungu, hata salamu zitakuwa na matundu. Lakini na wewe, akisema "mambo yakienda sawa", jaribu kusikia anachokuombea ndani yake.

Watoto watauliza, pengine mezani, pengine mbele ya wageni. Pataneni sasa hivi kwamba kila mmoja atajibu lake na atamalizia na la mwenzake kwa heshima: "Mama anaamini hivi, mimi nimeshindwa kuamini, muulize naye." Watoto wanaweza kulala vizuri katika nyumba yenye majibu mawili. Wanachoshindwa kulalia ni ukimya.

*

Shangazi, mimi niliacha kwa miaka minane. Sasa najisikia kurudi. Si kwa hofu, nadhani ni kwa hamu tu. Rafiki zangu niliotoka nao wananiita msaliti, na wale ninaowarudia wananiangalia kama mgonjwa aliyepona. Mimi sijui ni lipi kati ya hayo.

Nipo Mlangoni

*

Si lazima liwe mojawapo. Imam al-Ghazali, mwanachuoni wa Kiislamu wa zamani, anasimulia mwenyewe kwamba ujanani alikaa karibu miezi miwili hakiamini chochote, hata macho yake, kwa kuwa jicho linaona nyota ndogo kama sarafu na hesabu zinasema ni kubwa kuliko dunia. Hilo likapita, na si kwa hoja: anasema ni nuru aliyotiwa kifuani. Kisha mwaka 1095, akiwa mwalimu mkubwa Baghdad, ulimi ukakataa kusema. Alisimama afundishe, neno halitoki. Chakula hakipiti. Matabibu wakakata tamaa, wakasema ugonjwa umeanzia moyoni. Akaacha cheo, akaondoka, na ilipita miaka kama kumi na moja kabla hajarudi kufundisha hadharani.  

Wewe uko mlangoni, na mlangoni pana upepo, hilo nalijua. Usiingie ili kuukimbia upepo, na usibaki nje ili kuwafurahisha marafiki. Nenda siku moja, kaa nyuma, sikiliza. Ukitoka usimpe mtu yeyote taarifa. Wiki ijayo utaona miguu inaelekea wapi. Na wale wanaokutazama kama mgonjwa aliyepona, waambie Shangazi amesema hukuwahi kuwa na homa.

*

Shangazi, swali fupi. Wewe huombi kabisa? Hata ukibanwa?

Msomaji wa Siku Nyingi

*

Umenikamata. Kwanza nikuambie lililonitesa zaidi: mikono. Baba yetu alipozikwa, ulifika wakati wa kumwombea, watu wote wakajua pa kuiweka mikono yao. Mimi peke yangu nilikuwa na mikono miwili isiyo na kazi. Nikiinua ni uongo, nikiiacha inaning'inia ni dharau, na shangazi zangu wananitazama. Nikachukua mkoba wa dada, nikaushika kwa mikono yote miwili hadi mwisho, kama mtu aliyepewa kazi rasmi. Hadi leo nikienda msibani natafuta mkoba wa kushika.

Kuomba, nimeomba mara moja. Dada huyohuyo wa dua za alfajiri alipelekwa kupasuliwa. Waliniambia saa mbili tu, zikawa tano. Korido ilikuwa na taa moja mbovu inayopepesa, nikawa naihesabu. Katikati ya kuhesabu nikasikia sauti yangu inasema "tafadhali". Neno hilo moja. Niliitazama ile taa, nikaona aibu, nikalisema tena.

Dada alitolewa saa kumi jioni, amevimba uso, amekasirika kwamba hawampi maji. Siku ya tatu nikamsimulia. Akaniuliza, "Ulikuwa unamwambia nani?" Nikamjibu, "Taa." Akacheka hadi mshono ukamuuma, ikabidi muuguzi aje kunifukuza.